Siku upanga wa Xena haukusaidia kitu

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Kwanza niseme nimeshaliongea hili jambo mara nyingi mpaka kuna watu humu ndani wakiniona nashika maiki wanajua kinachokuja, mmoja hapo mbele ameshaanza kucheka. Cheka tu. Nitaacha siku mtakapoacha kuniambia eti Xena ni picha ya mwanamke kavaa ngozi anarusha mateke.

Xena ni nani sitawaeleza sana, ni yule mwanamke mpiganaji wa tamthilia ya TV ya Xena: Warrior Princess, kama humjui umekosea ukumbi. Misimu 6, episodi 134, kuanzia 1995 mpaka 2001, imepigwa New Zealand ingawa tunaambiwa tuko Ugiriki, basi tuendelee. Mimi leo nina episodi moja tu, ile ya kufunga msimu wa kwanza, ya 1996, inaitwa Is There a Doctor in the House? Kila nikiuliza watu episodi bora ni ipi wananitajia za Callisto yule adui yake, au ile ya kuimba, au ile ya kwanza ya Waamazoni, wale wanawake wapiganaji. Hii ya hospitali hamna anayeitaja, na akitokea wa kuitaja anataja dakika chache za mwisho tu kwa sababu zilimliza. Nitazifikia.

Kuna vita, Wathessaly na Wamitoa. Wanagombea nini msiniulize, hapa haijalishi. Xena na Gabrielle, mwenzake wa safari, wanapita katikati ya hayo mambo wanamkuta Ephiny, ana mimba kubwa. Ephiny ndo yule Mwamazoni ambaye kwenye ile ya sentauri, wale nusu mtu nusu farasi, Hooves and Harlots, alikuwa hataki hata kusikia habari za sentauri, na leo amebeba mtoto wa sentauri. Baba wa mtoto ni Phantes, yule yule aliyeponea chupuchupu kuuawa kwa kesi ya kusingiziwa, na safari hii hakupona. Ndani ya msimu mmoja huyu dada ametoka kwenye chuki akaenda kwenye ndoa akaenda kwenye ujane, na yote hayo yametokea sisi hatupo, tunakutana nalo kwenye sentensi mbili tu huku yeye ameshika tumbo. Watu wanasema picha za zamani hazikuwa na mwendelezo. Mlikuwa mnaangalia mateke.

Wanamfikisha kwenye hekalu ambalo limegeuka hospitali ya vita. Na hapo ndo upanga unaisha kazi. Fikiria, una steringi ambaye anajua kupiga watu kumi kwa mara moja, ana chakramu, ile pete ya chuma yenye makali, ambayo ikirushwa inagonga ukuta, inagonga nguzo, inakata kamba, inarudi mkononi, ana ule mlio wake kama vigelegele vya harusi iliyoharibika, alafu unamuingiza kwenye chumba ambacho adui hana shingo ya kukabwa. Adui ni damu inayotoka. Utaipiga teke damu?

Anachofanya Xena pale ndo kitu ninachowapigia kelele miaka yote. Hatoi hotuba. Anapita kati ya majeruhi na anaanza kuwachambua, huyu sasa hivi, huyu anaweza kusubiri. Wauguzi wa leo wanaita triaji, na kama mtu anadhani waandishi walijitungia tu, kamtafute Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji kwenye jeshi la Napoleon, huyu ndo alisisitiza majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha, sio kwa cheo wala sio kwa upande wanaopigania. Xena naye hivo hivo, Mmitoa na Mthessaly wanalala chumba kimoja. Nyie mnajua ugumu wake? Aliyekuchoma mkuki asubuhi kitanda chake kiko pembeni ya chako. Mimi hapo naona ushujaa mkubwa kuliko kuruka sarakasi juu ya mti, na najua kuna mtu anasema moyoni "lakini sarakasi zilikuwa nzuri". Zilikuwa nzuri. Nani amekataa?

Alafu kuna yule anayeshindwa kupumua, Xena anampasua tundu kooni hewa ipite. Hapa naomba muangalie mikono. Ile ndo mikono ya ile pinchi yake, mnaikumbuka, anakugonga vidole viwili shingoni anakwambia nimekata damu isifike kwenye ubongo una sekunde 30. Shingo ni ile ile, vidole ni vile vile. Mtu anayejua pa kubonyeza ili ufe anajua pia pa kukata ili upumue, ujuzi ni ule ule mmoja. Hiyo ndo hoja yangu yote ya leo kama unataka kuondoka mapema. Mwanamke shujaa wa kweli kwenye hizi picha humpimi kwa anavyoshinda, mpime siku ulichompa si kitu cha kushinda.

Sasa ngoja niwape stori ya shangazi yangu. Waliowahi kuisikia wavumilie.

Shangazi yangu alikuwa mkunga, kazi ya maisha yake yote. Siku moja nikamuwekea hii episodi, nikasema huyu ndo mtu sahihi, atanipa maksi za Xena. Tumefika pale Xena anaamua Ephiny afanyiwe upasuaji maana mtoto hawezi kutoka kawaida. Shangazi kaisimamisha picha. Rimoti alikuwa nayo yeye, rimoti siku zote ilikuwa nayo yeye. Akaniuliza, "Mtoto ametanguliza nini?" Nikasema shangazi ni sentauri, juu mtu chini farasi. Akasema, "Hilo nimelisikia. Nakuuliza ametanguliza nini. Kama ni miguu, ni miguu gani maana ana minne." Jamani sikuwa na jibu. Akakaa pale anafikiria kabisa, kiwiliwili cha farasi, mabega ya mtoto wa mtu, nyonga za mama ambaye ni binadamu mtupu, anapima kwa mikono hewani hivi, mwisho akasema, "Basi hapo ana haki ya kupasua. Endelea."

Tukaendelea sekunde kumi. Kasimamisha tena. "Amenawa mikono?" Sasa hapo ikawa vita ya pili kubwa kuliko ya Wamitoa. Nikamwambia shangazi, hii ni Ugiriki ya kale, daktari mmoja anaitwa Semmelweis ndo alikuja kuwaambia madaktari wa Vienna wanawe mikono kabla ya kuzalisha, na hiyo ni 1847, na madaktari wenzake wengi walimuona kichaa. Akasema mimi sijakuuliza mwaka, nimekuuliza amenawa? Na mama mwenyewe kubaki hai baada ya kupasuliwa namna ile, hilo nalo lilimkera, na hapa alikuwa na haki, maana kwa karne na karne upasuaji wa uzazi Ulaya ulikuwa ni wa kumtoa mtoto kwa mama aliyekufa au anayekufa, mpaka miaka ya 1880 ndo Max Sänger Mjerumani akasisitiza kushona mfuko wa uzazi wenyewe badala ya kuuacha wazi, ndo kina mama wakaanza kupona kwa wingi. Kwahiyo Ephiny kupona ni muujiza. Sawa. Na mtoto kutoka na kwato nne ni nini? Nyie mnakubali kwato mnakataa nyuzi?

Mtoto akatoka, akaitwa Xenan, kwa jina la Xena. Shangazi akafurahi hapo, akasema watoto wengi aliowazalisha wameitwa jina lake yeye ila hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkia.

Turudi. Kuna wasomi humu ndani, nawaona, mna jambo lenu la Galen. Nawapa. Kwenye hekalu yule mkubwa wa waganga, mtu wa sala na miungu anayempinga Xena kila hatua, anaitwa Galen, na kijana anayekaa pembeni kwa Xena anajifunza kwa macho anaitwa Hippocrates. Hawa ni madaktari wakubwa wa kale kweli, Hippocrates wa kweli alizaliwa kisiwa cha Kos kama mwaka 460 kabla ya Kristo, Galen wa kweli alizaliwa Pergamon mwaka 129 baada ya Kristo. Karibu miaka 600 kati yao, wamewaweka chumba kimoja. Mimi miaka sina ugomvi nayo, hii ni tamthilia ambayo Julius Caesar na vita ya Troy ni watu wa mtaa mmoja. Ugomvi wangu ni kumuonea Galen! Galen alikuwa daktari wa magladieta pale Pergamon, kazi yake ilikuwa kushona watu waliochanwa na mapanga, amepasua nyani na nguruwe ili ajue mwili ulivyo ndani, na hakuna mtu aliyemheshimu kama huyo Hippocrates. Ukitaka mtu wa kusimama upande wa Xena mle ndani angekuwa Galen! Wakachukua jina lake wakampa mzee anayeogopa kisu. Jina jingine lolote la Kigiriki lilikuwepo, wachukue hata la farasi.

Ila kwa haki, hekalu lenyewe sio la kubezwa. Wagiriki kweli walikuwa wanapeleka wagonjwa kwenye mahekalu ya Asclepius, mungu wao wa tiba, pale Epidaurus ndo palikuwa maarufu zaidi, mgonjwa analala humo usiku akisubiri mungu aje ndotoni amtibu. Kwahiyo mtu akikwambia hospitali ndani ya hekalu ni uongo wa Hollywood, mwambie sio uongo na wala sio Hollywood, ni New Zealand.

Muda. Naonyeshwa vidole viwili na mratibu, hivo ni viwili au ni ishara nyingine? Sawa, dakika mbili.

Gabrielle. Analetwa amejeruhiwa vibaya, anatetemeka mwili mzima, alafu pumzi inakata. Wote mle ndani wanaona amekufa. Xena anambonyeza kifua, anampulizia, anambonyeza, kisha anaacha utabibu kabisa anampiga tu kifuani kwa ngumi anamlilia aamke. Tafadhali sana msijifunze CPR, yaani kumuokoa mtu ambaye moyo umesimama, kwa Xena, kubonyeza kifua ni katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na njia yenyewe ilichapishwa 1960 na kina Kouwenhoven kule Johns Hopkins, Marekani, sio Thessaly. Lakini muangalie kinachotokea kwa muigizaji. Dakika zote zile Lucy Lawless amecheza mtu baridi, anaamua nani anasubiri na nani hawezi kusubiri, na kanuni yake yote ya kuchambua inavunjika kwa mtu mmoja. Kwa triaji aliyoifundisha mwenyewe, Gabrielle alikuwa wa kuachwa. Mnaliona hilo? Hakuna anayemwambia, hakuna anayelisema, amelivunja mwenyewe mbele ya majeruhi wengine wote wanaosubiri zamu.

Shangazi pale hakusimamisha picha. Gabrielle akavuta pumzi, mimi nafuta macho, yeye akakaa kimya kidogo akasema, "Mimi ningeshaacha." Sikumuuliza kitu. Mkunga wa miaka yote ile, huwezi kumuuliza.

Nilikuwa na habari ya Oktoba 1996, Lucy Lawless alipoanguka na farasi akifanya mazoezi ya kipindi cha TV cha Jay Leno kule Marekani akavunjika nyonga, ikabidi msimu wa pili upanguliwe, mpaka kuna episodi Xena yuko ndani ya mwili wa Callisto ili tamthilia iendelee bila yeye, na nilitaka kuiunganisha na hii ya hospitali, haiwezekani tena. Na Ephiny kufa msimu wa nne pia naruka, bado sijasamehe.

Haya maswali. Wewe wa nyuma mwenye kofia. Ila kama ni lile la Xena na Gabrielle walikuwa marafiki au ni zaidi, shusha mkono, umeshaniuliza mara tatu na jibu ni lile lile, rudia kuangalia hizo dakika za mwisho alafu uje unijibu wewe. Mwingine?