Barubaru Juu, Mzee Chini

Assalamu alaikum, na nyote hamjambo. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu na vikombe vya kahawa mkaja hapa Tononoka kumsikiliza mtu mwenye mvi akizungumzia kunyongana. (Vicheko.) Naona mbele wamekaa vijana wangu wa mazoezi, na rika langu limekaa nyuma, karibu na mlango. Rika langu mnajua kujipanga.

Nimeombwa nieleze vipi mtu aliyevuka hamsini anacheza jiu-jitsu, mchezo wa kukabana na kunyongana mkekani, na mabarubaru wanaobeba magunia Kongowea kutwa nzima, na jioni wakija mkekani bado wana nguvu za kuchezea. Kabla sijaeleza, kuna hadithi moja lazima niiharibu, maana ndiyo inayowavunja wazee mbavu. Ni ile ya kwamba mbinu hushinda nguvu.

Hadithi hiyo ina asili yake. Mjapani Mitsuyo Maeda, mtu wa judo aliyetoka Kodokan, shule ya judo ya Tokyo, alifika Brazili mwaka 1914, na huko akamfundisha Carlos Gracie. Mdogo wake Carlos, Helio, alikuwa mwembamba, akaukuza zaidi mchezo wa kulala chini, kujilinda na kungoja. Kisha mwaka 1993 mtoto wa Helio, Royce, mwenye kilo 80 hivi, akaingia ulingoni Denver, Marekani, akawashinda watu watatu usiku mmoja. Dunia ikasema: mwaona, udogo si kitu.

Sawa. Lakini wengi wa wapinzani wa siku zile, wakishaangushwa, walikuwa hawajui la kufanya. Sasa rudini nyuma hadi 1955, Rio de Janeiro. Helio mwenyewe, ana miaka 41, anakabiliana na Valdemar Santana, kijana wa ishirini na kitu, mzito kumzidi, na tena aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Pambano lilikwenda zaidi ya saa tatu na nusu. Helio akashindwa. Si kwamba mbinu zilimwishia. Mwenzake alikuwa na mbinu zile zile, na juu yake ujana. Na aliyekuja kumshinda Santana mwaka uliofuata alikuwa Carlson, mtoto wa Carlos, naye kijana. Kwa Santana ukoo haukumrudisha mzee, ulipeleka barubaru mwenzake.

Kwa hiyo mbinu hushinda nguvu pale nguvu isipojua kitu. Kijana akishakaa kilabuni miaka miwili mitatu, anajua. IBJJF, shirikisho linaloendesha mashindano makubwa, linalijua hilo: kuanzia miaka 30 mtu ana makundi yake ya umri, na yanapanda hivyo hivyo mpaka 61 na kuendelea. Ila hayo ni mashindanoni. Mazoezini Mombasa hakuna kundi la sitini. Yupo aliyekuja jioni hiyo, na aliyekuja ni Mwenyezi Mungu anajua amekula nini.

Basi tutazame kijana ana nini hasa. Watu husema ana nguvu, wakaishia hapo. Mimi nasema nguvu ndiyo ndogo katika mali zake. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini, lakini kinachotangulia kuondoka ni ule wepesi wa kufyatuka, kuruka, kugeuka ghafla. Mapigo ya juu kabisa ya moyo nayo hushuka kila mwaka, ufanye mazoezi usifanye. Ila nguvu ya kushika na kubana haina haraka ya kuondoka kwa mtu anayejitumikisha. Mshikeni mkono mzee aliyezoea kuvuta jarife, mtaona.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema umpishe ukaende wapi. Mimi nampisha kijana njia ya nguvu, lakini njia ya mbio siachi. Nikimwachia nafasi ya kukimbia, kuzunguka miguu yangu kushoto kulia, nimekwisha. Kazi yangu ya kwanza ni kumshika. Ukosi, mkono wa gi (lile vazi letu la mazoezi), suruali, chochote kinachoshikika kabla hajaanza mwendo. Na kusimama kuvutana naye ili nimwangushe, hapana. Nakaa chini mwenyewe, nafungua miguu, namwambia karibu. Wako wanaume wa rika langu wanaona kukaa ni aibu. Mwacheni aone aibu, goti atakalolivunja ni lake.

Mahali ninapopapenda ni nusu gadi. Kwa wasiojua: mimi niko chini, miguu yangu miwili imeubana mguu wake mmoja, na yeye yuko juu anataka kuutoa. Nitaeleza taratibu, maana hapa ndipo wazee tunapoishi.

Anachotaka yeye ni kunilaza chali. Akinilaza chali, kifua juu ya kifua, bega lake likanigandamiza taya, nguvu zake zote zinafanya kazi na zangu hata moja haifanyi. Kwa hiyo chali silali. Nalala ubavu. Mkono wangu mmoja unapita kwapani mwake mpaka mgongoni, na kichwa changu nakibandika kifuani mwake, karibu mno, nasikia moyo unavyopiga. Mkono wa pili nauweka mbele ya mfupa wa bega lake, kiwiko kimekunjwa, kimeshikana na goti langu. Uzito wake sasa umeegemea mifupa yangu. Mfupa hauchoki. Msuli ndio unaochoka, na anayetumia msuli ni yeye.

Halafu nasikiliza. Mwanzo anapumua kwa pua. Anasukuma, anavuta mguu, anasukuma tena, jasho lake linanidondokea jichoni. Baada ya muda nasikia mdomo umefunguka. Hapo ndipo atafanya jambo la hasira: atabana ule mkono wangu ulio kwapani kwake na kusukuma mbele kwa uzito wote. Sibishani naye. Naingia chini ya nyonga zake, namalizia safari aliyoianza, anapinduka upande ule ule aliokuwa akisukumia. Sikutumia nguvu za kumshinda, nilitumia za kumsubiri. Na nikishafika juu sina haraka hata kidogo. Pointi ni mbili tu kwa kupindua, lakini mtu aliyechoka akiwa chini yako ni kitu kizuri sana. (Vicheko.)

Sasa jambo la pwani hasa. Vijana wetu wana adabu, mashallah. Anakuja, anakuamkia shikamoo, unaitikia marahaba, mnapeana mikono, kisha anakunyonga. Wengine lakini ile shikamoo inawakaa mkononi. Anakushika kama anashika yai. Anakuachia umpindue, na wewe mzee unarudi nyumbani Majengo umevimba kichwa unawahadithia wajukuu. Hiyo ni heshima inayodanganya. Mimi huwaambia kabla ya raundi: mwanangu, nibane unavyotaka, lakini usinikurupushe. Nguvu za taratibu hazinidhuru. Akinikandamiza kwa kilo zake zote, nina muda wa kufikiri, na nikishindwa nagonga kwa kiganja, ndiyo ishara ya kukubali kushindwa, naye ananiachia. Kinachovunja ni kile cha ghafla: mkono uliopigwa mshtuo, goti lililozungushwa kabla mwenyewe hajajua. Kuzungusha kisigino ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu maumivu yanafika baada ya kano za goti kukatika. Kwenye mashindano ya kuvaa gi IBJJF hairuhusu kabisa, na kwangu hairuhusiwi hata kwa utani.

Na kugonga, jamani. Kabali ikikaa sawa shingoni, damu ya kwenda kichwani inakatika, na mtu huzimika kwa sekunde zisizofika hata kumi na tano. Hakuna ushujaa unaoingia katika sekunde hizo. Gonga mapema, cheka, anzeni tena.

Hali ya hewa nayo isisahaulike, maana mafunzo mengi mnayoyaona yametoka kwenye kumbi za baridi. Sisi ukifika wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ukumbi ni joto na unyevu, jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mtu mzima zaidi ya hapo hahisi kiu mapema kama kijana. Kunywa maji kabla hujayataka. Masika gi haikauki kwa siku mbili, na gi mbichi ikikunjwa ikarudishwa mkobani inazaa choa. Uwe na mbili. Mkeka upigwe deki kwa dawa kila siku, na mwenye kidonda akae nje, awe mwalimu, awe nani.

(Kijana mmoja anauliza kuhusu Ramadhani.)

Swali zuri. Sisi tunahamisha raundi nzito zinakuwa baada ya tarawehe, mtu ameshafuturu na kunywa maji ya kutosha. Kabla ya magharibi ni kupitia mbinu tu, polepole, bila kupambana. Rika langu wengine hupumzika mwezi mzima, na wanarudi Shawwal wazima. Mimi sioni hasara.

(Mama mmoja wa nyuma anauliza kama aliye na miaka arubaini na saba na presha anaweza kuanza.)

Mama, umri hauna neno. Presha ina neno, na si neno langu mimi. Nenda kwa daktari, mwambie waziwazi kwamba ni mchezo wa kukabana shingo na kubanwa kifua, usimwambie ni mazoezi ya viungo tu. Akikuruhusu, njoo mara mbili kwa wiki, si tano. Kano na maungio ya mtu mzima huchelewa kupona kuliko misuli, kwa hiyo siku unayojisikia mzima kabisa, goti linaweza kuwa bado halijawa tayari. Miezi ya mwanzo jifunze kuanguka, kuinua nyonga na kujisogeza chini, basi. Usikubali kukunjwa mpaka magoti yakafika masikioni na uzito wote ukakaa shingoni, hata mwalimu akisema ndiyo darasa la leo.

Na mchague wa kucheza naye. Hilo ni haki yako, hakuna atakayekulaumu. Mkanda mweupe aliyeanza mwezi jana, ana misuli na hofu, huyo ndiye wa kuogopa kuliko mkanda wa zambarau, mzoefu wa miaka, kwa sababu hajui mkono wako unaishia wapi. Mwambie tu: leo hapana, mwanangu. Wenzako wa kike wapo jioni za Jumatano, nao wamekaa pale mstari wa pili, mtazungumza nao tukishatoka.