Mapafu Yake Yako Mgongoni

Manahodha wangu, mabaharia, akina mama mnaongoja samaki hapa bandarini, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari moja kwa moja kutoka shule: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Kila aliyelala baharini usiku wa shwari anaujua mlio ule. Ngalawa imetia nanga, maji yametulia, mara fuuu! Kichwa kimechomoza, pumzi imetoka kwa kishindo, nyingine imeingia, kichwa kimezama. Sekunde moja, mbili hivi. Katika kitambo hicho kasa amebadilisha sehemu kubwa ya hewa iliyomo mapafuni mwake. Sisi tukikaa hivi tulivyokaa, kila pumzi hubadilisha kama sehemu moja tu ya kumi.

Sasa mapafu hayo yako wapi? Nikiuliza, wengi huonyesha kifuani. Hapana. Yako juu, chini tu ya gamba la mgongo, moja kushoto na moja kulia, uti wa mgongo ukipita katikati. Mbavu zake zimeungana na gamba, kwa hiyo hazitanuki kama zetu. Kile kiwambo kinachotenga kifua chetu na tumbo, kinachotusaidia kuvuta hewa na kukohoa, yeye hana. Hupumua kwa misuli ya tumbo na ile ya mabega na nyonga. Mtazameni anapopanda kutaga: kila pumzi, shingo inanyanyuka na ngozi ya penye mapezi inacheza.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie. Pwani yetu tumezoea kumpindua kasa chali ili asikimbie. Nami nilimpindua nilipokuwa mdogo, maana ndivyo nilivyoona wakubwa wakifanya. Lakini akilala chali, utumbo, ini na vyote vya ndani vinayaelemea mapafu. Mnyama aliyekwisha kuishiwa pumzi tunamwekea mzigo juu yake. Na boti ikimpitia, rafadha ikipasua gamba la mgongo, chini yake ni mapafu. Jeraha linaloonekana kama ufa wa gamba tu huweza kuwa limefika kwenye mapafu yenyewe.

Mmewahi pia kumwona kasa anayeelea upande mmoja umeinuka, anapiga mbizi na kurudi juu. Huyo hachezi. Kasa hutumia hewa ya mapafu kujisawazisha majini, kwa hiyo pafu moja likijaa usaha wa nimonia, au likitoboka hewa ikavujia ndani ya mwili, mizani inaharibika. Wakati mwingine ni gesi ya tumboni, utumbo ukiwa umezibwa na plastiki. Kwa macho huwezi kutofautisha. Madaktari humpiga picha ya eksirei kwa mbele, wayaone mapafu mawili yakiwa sambamba. Na kwa kuwa kukohoa kama sisi hawezi, nimonia yake huchukua muda mrefu kupona. Hapa Kenya, kituo cha Local Ocean Conservation kule Watamu hupokea kasa wagonjwa na majeruhi.

Tuje kwenye jarife, ule wavu mkubwa unaomnasa kasa. Mtu huniambia, "Mwalimu, kasa hukaa chini saa nyingi, atakufaje maji?" Ni kweli, aliyelala kwenye mwamba hukaa saa kadhaa, kwa sababu mwili umetulia. Aliyenaswa anapigana. Anamaliza akiba ya hewa upesi, na damu inajaa asidi. Marekani, ambako tangu 1987 zilitungwa kanuni za kuweka mlango wa kumtoa kasa kwenye nyavu za kukokota za kuvulia kamba, boti zilizosamehewa mlango huo zimewekewa kikomo cha kukokota: dakika 55 miezi ya joto, 75 miezi ya baridi. Hesabu hiyo ilitokana na kasa waliokufa.

Na akipandishwa haraka kutoka kina kirefu, kuna hatari nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Valencia, Hispania, walieleza kwamba kasa walionaswa na nyavu walikuwa na mapovu ya gesi katika damu na viungo. Ni ugonjwa uleule unaowapooza vijana wetu wanaozamia jongoo bahari kwa mitungi ya hewa. Kasa wa namna hiyo huweza kuonekana mzima botini, akafa saa chache baadaye.

Basi ukimvuta akiwa kimya, usiseme amekufa. Mlaze kifudifudi. Inua sehemu ya nyuma kama sentimita 15, maji yatoke mapafuni. Gurudumu kuukuu linafaa. Mfunike gunia bichi, uache pua wazi. Usimtie kwenye beseni la maji. Kila baada ya saa tatu mguse taratibu pembeni ya jicho, au mfinye mkia, uone kama anashtuka. Mpe saa nne, mpe hata saa ishirini na nne.

Najua mnachoogopa: kukutwa na kasa botini, na sheria inakataza. Pigeni simu kwa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, au afisa uvuvi mkiwa bado majini, mseme mnaye, anapumzishwa.

Nilikaa na mmoja hivyo, kasa jike, tangu magharibi. Alikuwa kama gogo. Nahodha alilowesha gunia mara tatu bila kuambiwa. Karibu na alfajiri pua zikatoa povu, shingo ikanyanyuka kidogo, na tukausikia: fuuu, dhaifu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Hatukumwachia hapo. Tulingoja mpaka akaanza kupiga sakafu ya boti kwa mapezi, tukahakikisha nyavu zote ziko ndani, tukazima mashine, tukamteremsha taratibu kwa nyuma, kichwa kikitangulia.

Nimeleta gunia na gurudumu. Nani aje tumwonyeshe namna ya kuinua bila kumshika mapezi?