Chokaa ya Padina

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu Padina, mwani wa kahawia wenye umbo la upepeo: uainishaji wake, kuitambua, na uzazi wake. Lakini kaka Juma, kwanza hiyo chupa ya juzi.

JUMA: Dada, nimefungua sampuli za Padina zilizokaa miezi kwenye formalini ya kuhifadhia, ya asilimia 4, weupe wote wa chokaa umekwisha! Upepeo umebaki kahawia mtupu, umelegea.

ZUHURA: Haikutiwa boraksi ya kuzuia asidi?

JUMA: Haikutiwa. Formalini ikikaa hutoa asidi ya fomiki, na asidi hula chokaa.

ZUHURA: Basi imepotea alama kubwa. Katika mwani wa kahawia wote, wanaojijengea chokaa ni Padina na Newhousia tu, zote za familia Dictyotaceae, oda Dictyotales. Dictyota iko humo humo, lakini ncha ya kila tawi lake inakua kwa seli moja. Padina ina safu nzima ya seli ukingoni, ndiyo maana inatanuka kama upepeo.

JUMA: Na ukingo huo umejikunja. Chokaa inaanzia hapo, kwenye maji yaliyonaswa ndani ya mkunjo. Mwani ukivuta kaboni dioksidi kwa usanisinuru, asidi ya maji hayo inapungua, aragonaiti, yaani chokaa yenyewe, inaganda juu ya seli.

ZUHURA: Ndiyo, na ukitaka kukata vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini, lazima uitoe. Siki ya asilimia 5, dakika chache, mapovu yakikoma unasuuza. Usipoitoa, wembe unaruka juu ya chembe, kipande kinachanika, unahesabu tabaka za seli ambazo hazipo.

JUMA: Mimi sitoi. Upande upi una chokaa, nzito au nyepesi, hiyo ni sifa ya spishi.

ZUHURA: Sehemu moja inaweza kuwa na upepeo mweupe na mwingine karibu hauna kitu, spishi ile ile. Tabaka za seli hazikudanganyi: Padina australis ina mbili, ukingoni hadi kwenye shina.

JUMA: Na P. gymnospora? Karibu na ukingo ni mbili, kwenye shina zinafika sita na zaidi. Aliyekata juu tu ameandika jina la uongo.

ZUHURA: Ndiyo maana unakata mahali patatu: ukingoni, katikati, shinani. Kosa la mkataji usilitupie tabaka.

JUMA: Na wewe kosa la formalini usilitupie chokaa. Ikihifadhiwa vizuri inasema kitu.

ZUHURA: Inasema maji yalikuwaje.

JUMA: Inasema na spishi. Angalau iandike kabla hujamwaga siki.

ZUHURA: Kuandika, sawa. Kuipa jina kwa hiyo, hapana.

JUMA: Sijakubali.

ZUHURA: Wala mimi. Mistari ya vinywele je? Ile mizunguko inayofuatana kama duara juu ya upepeo. Iko pande zote mbili au mmoja, na vifuko vya spora viko wapi kati ya mistari, vina utando au havina...

JUMA: Dada, tumebakiwa na dakika moja.

ZUHURA: Uzazi hatukuugusa! Na vinasaba, zile jeni za kutambulia spishi, rbcL na cox3.

JUMA: Vinasaba vinataka kipande kikavu ndani ya silika, chembe za kunyonya unyevu, kisiingie formalini kabisa. Kikateni kabla ya kuhifadhi kingine.

ZUHURA: Na boraksi, jamani.

JUMA: Na boraksi. Kwaherini.