Dar Unashukia Barabara Gani?

Haya wadogo zangu, mnanisikia huko nyuma? Spika inakoroma lakini tutaenda nayo hivohivo. Nimeambiwa wengi wenu mmeingia Dar juzi kutoka mikoani kuanza fildi, na kuna watu humu kila safari ni boda, hela ya mwezi inakata tarehe tano.

Sasa nyoosheni mkono, vidole mvitanue. Huo mkono ndo Dar. Kiganja ndo mjini, Posta na Kariakoo. Kidole cha kwanza barabara ya Bagamoyo, Mwenge, Tegeta mpaka Bunju. Kinachofata Morogoro rodi, Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi. Halafu Nyerere, wazee bado wanaiita Pugu rodi, hiyo ya Airport na Gongo la Mboto. Cha mwisho Kilwa rodi, Mbagala huko. Kidole gumba ni Kigamboni, kimekaa pembeni peke yake mana kuna maji katikati, unavuka na pantoni pale Magogoni au unazungukia darajani Kurasini.

Kwaiyo mtu akikwambia nakaa Dar hajakwambia kitu. Hata akisema Ilala bado, wilaya ya Ilala inafika mpaka Chanika! Muulize barabara gani.

Mi nilipokuja mara ya kwanza nilipanga intavyuu mbili siku moja, asubuhi Tegeta, saa nane Gongo la Mboto, nikajiambia si zote Dar tu. Nikatoka Tegeta nikashuka na gari mpaka Posta ili nitafute la Gongo la Mboto, saa nane ikanikuta Posta shati limeloa mgongo mzima, na ile kazi nikaisikia kwenye bomba. Hakuna aliyenambia kwamba ncha ya kidole kwenda ncha nyingine hupiti kiganjani. Unakata juu kwa juu: Mwenge unashika barabara ya Sam Nujoma mpaka Ubungo, Ubungo unashika Mandela, Tabata, Buguruni, Tazara inapokatiza Nyerere, mpaka inakutana na Kilwa rodi. Foleni ipo, malori ya bandarini yote yamo humo, ila bado ni afadhali.

Na mgeni wako mfikirie hivohivo. Mabasi mengi ya mikoani toka 2021 yanaishia stendi ya Magufuli Mbezi, sio Ubungo tena. Treni ya SGR ya Morogoro na Dodoma, iliyoanza 2024, inamshusha mjini kabisa. Kama unakaa Mbagala basi mwambie apande treni, ukimpokea Mbezi mmeanzia kidole kisicho chenu, na ana mabegi na kuku.

Mwendokasi ya Kimara, yale mabasi yenye njia yake, iko tangu 2016 na inaruka foleni kweli, ila soma kibao, inayoenda Gerezani na inayoenda Kivukoni zinaachana pale kituo cha Fire. Mvua ikipiga sana Jangwani panajaa maji, huduma inakatwa, siku hiyo usibishane na mtu.

Daladala sasa, hapa ndo penyewe. Gari limeandikwa mwanzo na mwisho ubavuni na mstari wa rangi, rangi ikizoeleka utaliona toka mbali. Konda akiuliza "Shekilango wapo?" we jibu "wapo!" kwa sauti, ukinong'ona umepitilizwa. Jioni ukitaka siti kuna kitu kinaitwa kugeuza nalo: unalipanda likiwa bado linaenda mwisho, umekaa zako dirishani, linageuza na wewe. Unalipa mara mbili ndio, lakini wenzio wanagombania mlango we unakula karanga. Nyie mnacheka, subirini Ijumaa saa kumi na mbili mje mnieleze.

Boda na bajaji sina mengi, bei kabla hujapanda, na helmeti vaa.

Maswali? Dada wa kijani. Unakaa wapi? Chanika. Na fildi? ...Bunju? Jamani. Kaa kwanza mama, tukimaliza hapa uje tuongee, ila we anza tu kuulizia chumba.