Sauti Zikinyamaza, Mgonjwa Bado Hajapona

Ndugu wazazi, na nyinyi wauguzi wenzangu, nalirudia tena. Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, akipewa dawa, sauti zinanyamaza, anarudi nyumbani, na mwezi haujaisha keshaitwa mvivu. Katumwa dukani vitu vitatu, karudi na kimoja. Kapewa jembe, kasimama katikati ya tuta. Mnasema ana kiburi. Hana kiburi! Kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri vimepungua, na dawa zinazonyamazisha sauti hazivirudishi.

Mwaka 1976, katika hospitali ya Northwick Park, London, madaktari Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao waliwapiga picha wagonjwa 17 wa skizofrenia wa muda mrefu kwa mashine ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa, iliyokuwa ngeni kabisa wakati huo. Kabla ya hapo wapo waliowalaumu akina mama kwamba malezi yao ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Hebu fikirini, mama anauguza na huku analaumiwa! Picha zikaonyesha kuwa vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kuliko vya watu wazima wa afya. Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, wakaacha kiini chake: waliopanuka vyumba zaidi ndio walioshindwa zaidi kwenye majaribio ya akili. Utafiti wa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ukakuta vyumba vilevile vimepanuka, na hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu, imepungua.

Najua kuna anayesema moyoni, "Basi na mwanangu apigwe picha." Asikuuzishe mtu mbuzi kwa hilo! Huo ni wastani wa kundi. Picha ya mtu mmoja haithibitishi skizofrenia. Daktari akishuku uvimbe, hapo ni habari nyingine.

Na wewe unayesema ni dawa zetu zinazofifisha akili: Kraepelin, daktari wa akili wa Kijerumani, aliandika juu ya kufifia huku kwa akili katika karne ya 19, na klorpromazini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, ilianza kutumika mwaka 1952. Ila lawama moja naikubali. Benzhexol, mnayopewa kwa ajili ya kukakamaa na kutetemeka, inadhoofisha kumbukumbu, na wengi wanaimeza miaka na miaka bila yeyote kuuliza kama bado inahitajika. Ulizeni kliniki. Msiikatishe wenyewe.

Ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nao una haya, kwa kiasi kidogo zaidi. Leo muda hautoshi. Nyumbani, mtumeni kitu kimoja kimoja, mwandikieni, na akikawia kujibu, msubirini amalize.