Manowari Kuukuu: Ikarabatiwe, Isukwe Upya au Ikatwe?

MARIAMU: Karibuni, tuko Dodoma. Kaka Yona, wapo wanaoona mambo ya manowari ni ya watu wa pwani.

YONA: Hapana, dada. Bajeti ya ulinzi inapitishwa hapa hapa bungeni. Halafu vipande vya meli ya Kijerumani Graf von Götzen vilipita kwenye reli yetu hii kwenda Kigoma.

MARIAMU: Hiyo si ndiyo Liemba ya Ziwa Tanganyika!

YONA: Ndiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa upya Kigoma, ikaingia ziwani 1915 na mizinga juu. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ila mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kubeba abiria.

MARIAMU: Kumbe umri si hoja.

YONA: Umri peke yake hauamui, bati la mwili wa meli ndilo linaloamua. Meli inapandishwa chelezoni, fundi anakwangua rangi, anapaka ute kidogo, anagusisha kipimo cha mawimbi ya sauti. Namba inatokea: bati lililokuwa milimita 8 limebaki 6. Anaiandika kwa chaki pale pale, anasogea hatua moja, anapima tena. Kutu mbaya zaidi imejificha chini ya injini na matangi, maji yanakotuama na mkono haufiki. Ukikubaliana bei kabla ya kufungua huko, umeisha.

MARIAMU: Na bado wakubwa wataulizia rada mpya.

YONA: Rada inaongeza uzito juu ya mlingoti, meli inayumba zaidi. Inataka umeme, umeme unataka jenereta, jenereta inataka nyaya mpya, na nyaya zinapita kila chumba. Hapo hukarabati tena, unajenga meli mpya ndani ya bodi iliyochoka.

MARIAMU: Ndiyo maana nawapongeza Wakenya. Nyayo na Umoja zilikuwa boti za makombora, zilijengwa Uingereza miaka ya 1980. Zilipelekwa La Spezia, Italia, zikarudi 2011 zikiwa za doria, makombora yameondolewa. Walipunguza kazi ya meli badala ya kuiongezea. Kwa jeshi dogo, mimi hiyo ndiyo njia.

YONA: Kama bati linaruhusu. Ufilipino waliitumia manowari Rajah Humabon, iliyoshushwa majini 1943, hadi 2018. Nawaheshimu mabaharia wale, lakini vipuri vya injini ya zamani hivyo unavitoa wapi? Unachinja meli moja kulisha nyingine. Mimi ningeikata mapema, nikanunua boti ndogo mpya za doria.

MARIAMU: Wavuvi wa Mafia wanahitaji boti inayotoka leo, kweli. Ila kukata nako kuna gharama.

YONA: Kubwa! Meli za zamani zina asibesto, nyuzi za madini za kuzuia joto, kwenye mabomba na kuta. Mkata chuma akiivuta vumbi lake, mapafu yanaharibika miaka mingi baadaye. Mkataba wa Hong Kong wa kuvunja meli kwa usalama ulianza kutumika Juni 2025, lakini manowari haziguswi nao.

MARIAMU: Kwa hiyo ulinzi wa yule mkataji hautoki kwenye mkataba ule.

YONA: Unatoka kwa muuzaji. Orodha ya sumu zilizomo, chumba kwa chumba, iambatanishwe na hati ya mauzo. Mnunuzi asiyeonyesha ataitoaje asibesto, asiuziwe.