Povu la Bahari ya Kaskazini lina kuvu: jinsi ya kuziona

Hamjambo ndugu zangu wa Kampala, Mbale, Arua na Busia! Leo nawaonyesha pwani ya magharibi ya Jutland, Denmark. Tazameni povu hili lililokwama ukingoni. Watu wanalipita wakidhani ni uchafu, kumbe ndimo zinamokusanyika spora, yaani chembe za uzazi, za kuvu za mchangani.

Mojawapo ni Corollospora maritima, iliyopewa jina hilo mwaka 1922. Chakula chake ni mbao na mwani uliofukiwa, lakini tunda lake, yaani kifuko kinachozaa spora, hulishikiza kwenye punje ya mchanga au kipande cha kombe. Nasogeza kamera: kidoa kile cheusi, kidogo kuliko simsim, hakifiki nusu milimita! Spora yake ina mwiba kila ncha na vinyuzi kiunoni, na hivyo ndivyo vinavyonaswa na viputo.

Chota povu kwa kijiko safi, jaza chupa ya nusu lita, liache liyeyuke lenyewe. Weka tone kwenye slaidi ya hadubini, kuza mara 100 kutafuta, mara 400 kuhakikisha. Fanya siku hiyo hiyo. Chupa ikikaa usiku kucha, spora zinaota na bakteria wanajaa. Chavua ya msonobari nayo hunaswa humo, ila ina vifuko viwili vya hewa, isikudanganye.

Matunda yenyewe yanataka subira. Jaza mchanga nusu chupa, fukia vijiti vya mbao laini vilivyochemshwa, lowesha kwa maji ya bahari. Yasituame: hewa ikiisha, mchanga unageuka mweusi na kunuka yai bovu. Kifuniko kilegee. Mchanga ukianza kukauka, ongeza maji ya mvua yaliyochemshwa, kamwe si ya bahari, kwa sababu maji yanapokauka chumvi inabaki na kuzidi kukolea. Kagua baada ya miezi 3, na usiutupe kabla ya 6.

Sasa, ssebo na nnyabo, Corollospora msiitafute Entebbe. Maji ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, hayana chumvi. Nendeni kwenye vijito vyenye kivuli vya Mlima Elgon, penye majani yanayooza. Povu la pale lina kuvu za maji yasiyo na chumvi, nyingine spora zake zina mikono minne. Mtaalamu wa kuvu Ingold aliandika kuhusu hizo za Uganda mwaka 1958. Chota kabla ya mvua. Kijito kikifurika, tope linafunika kila kitu kwenye slaidi.